Pengo Katika Mstari wa Mwalimu

Kimange ni kisiwa kidogo. Mtu akipiga chafya upande wa mawio, wa upande wa machweo wanamwambia pole. Lakini kina mbunge wake. Kina kiti bungeni sawasawa na zile wilaya kubwa ambazo mtu huzitembea siku mbili hazijaisha, na kwa ajili ya kiti hicho watu wa Kimange wamechukiana kuliko walivyowahi kuchukiana kwa mashamba au kwa nyavu.

Mwaka wa sabini na nne Bildad Ogola alishinda kwa kura ishirini na sita, alama yake ikiwa taa. Mwaka wa sabini na tisa, taa tena, akashinda kwa kumi na nane. Mwaka wa themanini na tatu akatokea Zachariah Oduor, mwalimu mkuu wa shule ya msingi, akapewa alama ya jembe, naye Ogola akamshinda kwa kura tisa tu. Tisa! Mwaka mzima baada ya hapo watu wa Mwalimu walitembea na majembe begani hata siku za kwenda kuvua, ili tu wa taa wawaone. Kanisani wa taa walikaa kushoto na wa jembe kulia, mchungaji akihubiri huku akiangalia mlango. Na kila mtu Kimange, hata asiyejua kusoma, aliijua ile hesabu: mara ijayo tunatafuta watu kumi.

Perez Aoko alikuwa mtu wa jembe mpaka kwenye mifupa. Alikuwa mjane, mwanika omena, wale dagaa wa ziwani, mwenye nyumba katika boma moja na mke mwenzake mdogo, Jentrix, na wake wanne wa shemeji zake. Mumewe alipougua, Mwalimu ndiye aliyembeba mgongoni kutoka nyumbani hadi ufuoni, na kule ufuoni mashua ya Mheshimiwa Ogola ilikuwa imefungwa kwa mnyororo na kufuli, na mwenye ufunguo alisema ufunguo haupo. Mume alifia kwenye mtumbwi wa kukodi. Kwa hiyo Perez hakuhitaji mtu wa kumhutubia.

Februari ya mwaka wa themanini na nane serikali ikasema hakuna karatasi tena katika uteuzi. Watu watapanga mlolongo. Wakala wa kila mgombea atashika picha yake, na anayemtaka mtu fulani asimame nyuma ya picha hiyo, mchana kweupe, watu wahesabiwe kama ng'ombe wanaoingia zizini. Tena ikasemwa kwamba atakayepata watu sabini katika kila mia amepita moja kwa moja, hakuna haja ya kura ya siri. Asipowapata, wagombea wataendelea hadi Machi, na Machi kutakuwa na karatasi na sanduku.

"Sisi hatutaki mengi," Mwalimu aliwaambia watu wake. "Tunataka tu tufike Machi."

Siku yenyewe kisiwa kizima kilikusanyika katika uwanja wa shule. Afisa aliyetumwa kusimamia alikuwa mtu wa mbali, amevaa kofia ya jua na viatu vilivyojaa mchanga, na kila mara alitazama saa kwa sababu mashua yake ilikuwa inamngoja. Perez alifika na wanawake wa boma lake, sita kwa hesabu, wamevaa vizuri kama wanaokwenda harusini. Walijipanga pamoja katikati ya mstari wa Mwalimu. Perez alikuwa wa kwanza kati yao, Jentrix akimpumulia kisogoni, halafu wale wengine wanne. Mbele yao alisimama mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, na nyuma yao watu walizidi kuja, mstari ukapita mlingoti wa bendera, ukapinda kwenye vyoo, ukaenda mpaka kwenye bustani ya mchicha.

"Tazama wa taa," alisema Jentrix. "Mstari wao umenyooka kwa sababu ni mfupi."

"Si mfupi hivyo," alisema Perez. "Lakini Machi tutafika."

Basi yule mama mwenye mtoto akatoka kidogo kumnyonyesha kivulini. Nafasi yake haikukaa wazi. Mwanamume mmoja aliyevaa shati la kijani alikuja mbio, akajipenyeza mahali pale, mgongo wake ukawa shubiri moja kutoka puani pa Perez. Alikuwa Oketch, mvuvi wa upande wa pili wa kisiwa, mume wa binti yake Dorca.

Yeyote aliyezaliwa kando ya ziwa hili anajua. Mama mkwe na mkwewe hawashikani mikono, hawali chungu kimoja, hawakai mahali ambapo nguo ya huyu inaweza kugusa nguo ya yule. Wakikutana njiani mmoja anaingia majanini. Na mama mkwe si yule tu aliyemzaa mke. Mke mwenzake ni mama mkwe. Wake wa shemeji zake ni mama wakwe. Wote sita waliokuwa nyuma ya lile shati la kijani walikuwa mama wakwe wa Oketch.

Perez alirudi nyuma, akamkanyaga Jentrix. Jentrix alipoona ni nani, naye akarudi, wakarudi wote sita kama watu waliomwona nyoka, na mstari wote wa nyuma ukasukumwa. Pakabaki uwazi wa hatua saba au nane, nyasi tupu.

"Tutokee ubavuni, tuingie mahali pengine," alinong'ona mmoja wa wale wanne.

Lakini filimbi ilikuwa imekwisha kulia. Polisi wakapita na fimbo, hakuna kuhama. Afisa alianza kuhesabu mstari wa Mwalimu kutoka kwenye picha, akimgusa kila mtu begani kwa kalamu. Alipofika kwa Oketch alikuwa amefika mia mbili na nne. Akainua uso, akaona nyasi.

"Huu mstari umeishia hapa?"

"Haujaishia!" watu wa nyuma walipiga kelele.

"Basi jazeni hapo. Kila mtu ashike bega la aliye mbele yake. Wewe mama, sogea, shika bega la huyu bwana."

Perez alikodolea macho vidole vya miguu yake.

"Mama, nakuambia sogea. Hujui Kiswahili?"

"Ninajua."

"Uko kwenye mstari huu au hauko?"

"Niko. Lakini huyu... ahame yeye. Mwambie yeye ahame."

"Hahami mtu! Shika bega!"

Oketch hakugeuka. Alisimama kama mlingoti wa pili, mikono mfukoni. Na hapo Perez alisikia sauti ya Jentrix sikioni mwake, kali kama sindano: "Usimguse! Perez, usithubutu kumgusa, utatuletea laana nyumbani." Na wale wengine wanne wakaitikia, "Usimguse."

Hakumgusa. Afisa alitazama saa yake, akapiga mstari kwenye daftari. "Mia mbili na nne. Wale wengine ni watazamaji."

Ogola alikuwa na watu mia sita na kumi na moja. Nyuma ya lile pengo walikuwa wamesimama watu mia tatu na zaidi, na wote waliambiwa warudi nyumbani wakapike. Sabini katika mia ilipatikana, ikazidi. Hakukuwa na Machi. Jioni hiyo Ogola alibebwa juujuu na taa za karabai zikiwaka jua halijazama.

Kesho yake asubuhi Perez alipofika ufuoni alikuta nyavu zake za kuanikia zimekunjwa na kutupwa kwenye matope.

"Nani ametupa vitu vyangu?"

"Labda ni upepo," alisema mwanamke mmoja. "Upepo umepita kwenye pengo."

Wakacheka wote. Kutoka siku hiyo jina lake likawa Mama Pengo. Wavuvi wa jembe walikataa kumuuzia omena, na wavuvi wa taa walimuuzia huku wakimshukuru kwa sauti kubwa ili wa jembe wasikie. Wiki ya tatu Oketch akaonekana na injini mpya kwenye mashua yake, injini ya kung'aa, yeye ambaye mwaka uliopita alikuwa akiazima makasia. Watu wakapiga hesabu upesi: Perez ameuza mstari, akaona haya kula mwenyewe, akamnunulia mkwe injini.

Na aliyeisema kwa nguvu kuliko wote ni Jentrix.

"Nilikuwa nyuma yake," alisema kisimani, mbele ya kila mwenye ndoo. "Nilimsukuma hivi kwa mikono yangu. Nikamwambia, songa, dada, nchi inapotea. Akakaza miguu kama punda."

"Jentrix," alisema Perez. "Ulisema nini sikioni mwangu?"

"Nilisema songa."

"Mungu anakusikia."

"Na akusikie wewe pia. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole."

Perez aliwatazama wale wanne wengine. Mmoja alifunga kamba ya ndoo yake upya. Mwingine alikumbuka mtoto ameachwa peke yake. Alikwenda hata kwa Mwalimu, akasimama mlangoni, na Mwalimu, mtu mpole ambaye hakuwahi kumpiga mwanafunzi, alisema bila kumkaribisha kiti: "Mama, ungeinua mkono mara moja tu. Mara moja." Halafu akarudi kwenye madaftari yake.

Alivumilia mpaka mvua za masika. Ukuta wa jiko lake ulipobomolewa na mtu ambaye hakuna aliyemwona, alifunga vitu vyake, akavuka hadi ng'ambo, Luanda Kotieno, akapanda gari kwenda Kisumu. Alipata mahali pa kuuzia samaki wa kukaushwa sokoni Kondele, kando ya Gakenia, mama wa Nyeri aliyeuza viazi na aliyekuwa na mdomo mpana kuliko gunia.

"Kwenu mnafukuza mtu kwa sababu ya heshima?" Gakenia aliuliza aliposimuliwa. "Sisi kwetu tungekufukuza kwa kuikosa."

"Kwetu wanafukuza kwa vyote viwili," alisema Perez.

Alikaa hapo miaka minne. Alizoea mji, lakini kila mtu wa Kimange aliyepita sokoni alinunua samaki kwa wauzaji wengine, na wengine walisimama makusudi mbele ya meza yake waulize bei, wasikie, waende. Alitaka kitu kimoja tu. Alitaka asimame katika uwanja ule ule, watu wale wale waseme kwamba hakuuza kitu. Hakutaka hata samahani.

Mwaka wa tisini na mbili vyama vikawa vingi. Kura za siri zikarudi. Perez alivuka Juni akajiandikisha kisiwani, akarudi siku hiyo hiyo, hakuna aliyemjibu salamu isipokuwa karani. Na mwezi wa Novemba, Mheshimiwa Ogola, ambaye sasa alikuwa amehamia chama kilichopendwa na wengi, alipita Kondele kusalimia wapiga kura wake waliohamia mjini. Alikuwa amenenepa. Alipomwona Perez aliinua fimbo yake kwa furaha.

"Mama Dorca! Kumbe ndiko uliko! Hawa watu wa Mwalimu walikutesa bure. Mimi nilikuwa nasema, huyu mama anastahili asante."

"Asante ya nini, Mheshimiwa?"

"Ee, yale ya mstari." Akainama, harufu ya nyama choma ikamtoka. "Lakini mkwe wako ana akili! Mimi nilikuwa nimepanga vijana waje na rungu waukate ule mstari. Yeye akaniambia, Mzee, rungu la nini? Niache nisimame mbele ya mama mkwe wangu, mstari utajikata wenyewe." Alicheka mpaka akashika tumbo. "Ile injini aliipata kwa halali kabisa. Sasa wewe ni wetu. Mwezi ujao njoo upige kura, nauli nitakupa."

Perez alichukua kisu cha samaki, akakitazama, akakiweka chini.

"Nauli ninayo," alisema.

Ogola alipokwenda, Gakenia alisema, "Nimesikia kila neno. Nitakuja nikushuhudie."

"Nani atamwamini muuza viazi? Lazima aseme mkwe mwenyewe."

Hilo ndilo lililomnyima usingizi. Oketch ndiye mume wa Dorca. Dorca alikuwa na watoto watano katika nyumba ile. Na mama mkwe hagombani na mkwe. Hata jina lake halitaji ovyo. Perez aliligeuza jambo hilo kwa majuma matatu kama mtu anayegeuza omena juani, upande huu, upande ule, na kila akiligeuza lilinuka vile vile.

Siku ya mkutano wa mwisho wa kampeni ya Mwalimu alishuka kutoka mashuani, akapanda moja kwa moja hadi uwanja wa shule. Watu wote walikuwepo. Wa Ogola pia walikuja kuzomea, wamesimama upande wa ziwani, na mbele yao Oketch, ambaye sasa alikuwa wakala mkuu, na kofia mpya.

"Mama Pengo! Mama Pengo!" kelele zilianza. "Mpisheni, asije akauza na mkutano!"

"Mwalimu, naomba kusema," alisema Perez.

Mwalimu alitazama miguu yake. "Mama, mambo yale tuliyaacha."

"Ninyi mliyaacha. Mimi bado ninayo."

Alisema yote, kwa sauti ile ile ya kutaja bei. Alisema aliyosema Ogola, la rungu, la mstari kujikata, la injini. Alipomaliza, Jentrix akasimama.

"Ogola hayupo hapa akatae. Shahidi wako ni nani? Samaki wa Kondele?"

Watu wakacheka. Perez akageukia upande wa ziwa.

"Shahidi yule pale. Aseme."

Oketch aliinamisha kichwa kwa adabu nyingi, akavua kofia. "Ndugu zangu, ninyi ni watu wa mila. Mmeona wapi mtu akijibizana na mama mkwe wake mbele ya umati? Mimi siwezi. Mimi nina heshima."

Hata wa jembe walimpigia makofi. Wazee walitikisa vichwa: kijana amelelewa. Na Perez akaona kwamba yatakuwa hivi mpaka afe. Kila atakapouliza, yule atainamisha kichwa, na watu watapiga makofi.

Akaanza kutembea kumwelekea.

Mwanzoni watu hawakuelewa. Oketch alielewa. Akarudi hatua moja, kisha tatu.

"Mama, simama hapo."

"Hujibizani na mimi. Nyamaza tu."

"Perez!" alipiga kelele mmoja wa wake wa shemeji. "Utamgusa!"

"Afisa alisema nishike bega. Nimechelewa tu miaka minne."

Wenzake Oketch walimwachia Perez njia kana kwamba ana ndui. Uwanja ule unateremka mpaka ufuoni, na Oketch aliteremka kinyumenyume, akajikwaa kwenye mtumbwi, akaanguka, akainuka, kofia ikabaki chini. Angeweza kukimbia, lakini kushoto kulikuwa na watu na kulia kulikuwa na watu, na wote walikuwa wakipiga mayowe. Akaingia majini. Perez akaingia na viatu. Maji yalimfika Oketch kiunoni, Perez mapajani, gauni limefura kama puto, mkono umenyooshwa, vidole vimebakisha shubiri moja kufika kwenye shati lake.

"Ni Ogola!" Oketch alipasua sauti. "Mama, tosha! Ni Ogola alitaka mstari ukatike! Mimi nikamwambia nitasimama mbele yako! Injini ni yake! Wewe hukujua kitu, hukujua, tosha, usiniguse!"

Perez alishusha mkono. Aligeuka, akapanda ufuoni akichuruzika maji, na watu wakafungua njia. Alipopita kwa Jentrix alisimama.

"Ulisema nini sikioni mwangu?"

Jentrix alifungua mdomo mara mbili. "Nilisema usimguse," akasema.

"Sema wasikie."

"Nilisema usimguse! Sote tulisema!" Kisha, kwa hasira, kwa maana hakuzoea kuwa chini: "Na leo ungemgusa! Mwehu wewe. Itabidi wazee wachinje mbuzi."

"Wachinje wawili," alisema Perez.

Tarehe ishirini na tisa Desemba Kimange ilipiga kura kwa karatasi. Perez alipanga foleni kama kila mtu, na safari hii hakuna aliyetaka kusimama karibu naye, mbele wala nyuma. Mwalimu Zachariah Oduor alishinda kwa kura arobaini na nne, nyingi kuliko zilizowahi kuonekana kisiwani. Ngoma zilianza hesabu haijasainiwa.

Perez alikuwa ameketi nje ya nyumba yake, akikanda udongo wa kurudishia ukuta wa jiko, alipomwona Dorca akipita njia ya ufuoni na godoro kichwani. Watoto walikuwa wametangulia na sufuria. Oketch alikuwa chini kwenye mashua, amewapa mgongo watu wote.

"Dorca. Mnakwenda wapi?"

Dorca alisimama, hakuteremsha godoro. "Luanda Kotieno. Huku hawezi kuvua. Wanamrushia mawe, wanamuuliza kama maji ni baridi."

"Ungebaki na watoto."

"Katika nyumba ya nani?" Alihema. "Ungekuja kwangu kwanza, Mama. Ungeniambia. Ningembana, angesema mbele ya wazee wanne watano, ndani ya nyumba, mlango umefungwa."

"Mimi sikuitwa Pengo ndani ya nyumba."

"Wewe ulimwingiza ziwani kama ng'ombe wa kuoshwa. Baba wa watoto wangu."

"Aliniuza, Dorca."

"Najua. Nilijua siku ile injini ilipofika." Sauti yake ilikuwa kavu. "Nilinyamaza kwa sababu nina watoto watano. Wewe una mmoja, na hukuweza kunyamaza."

Mikono ya Perez ilikuwa na udongo mpaka kwenye viwiko. Dorca aliweka sawa godoro kichwani, akateremka, akapanda mashuani, akawapanga watoto mmoja mmoja katikati, mahali pasipopigwa na maji. Injini ikakohoa, ikashika.

Jentrix alikuja mbio kutoka uwanjani, jasho la ngoma likimtiririka, jani la mgomba limefungwa kiunoni.

"Mama Dorca, njoo! Mbunge anakuulizia, amekuwekea kiti pale mbele. Watu wanakutaka. Wanaimba jina lako!"

Perez aliendelea kutazama ziwa. Mashua ilikuwa imeshapita mwamba wa mwisho.

"Wanaimba jina gani?"

"Mama Dorca, jina gani tena?"

"Hilo sitaki kulisikia leo. Waambie waimbe lile lingine, wamelizoea." Akainama akachota udongo mwingine. "Na uniondokee mlangoni. Unanizibia mwanga."

Jentrix alisubiri kidogo, labda aone kama ni mzaha. Halafu akarudi kwenye ngoma.